Wifi Yangu na Diski Isiyopungua

Wifi yangu ni mtu wa maneno machache, na hilo lilinikera tangu siku kaka yangu alipomleta nyumbani. Sisi ni ukoo wa midomo. Mama akisema neno, mimi naongeza mawili, kaka anacheka juu yake, na majirani wanafaidi bure. Huyu bibi harusi mtarajiwa alikaa kwenye kochi magoti pamoja, akanywa chai yake taratibu, akamsikiliza mama akihadithia ugonjwa wa mguu wake tangu mwanzo wa mguu mpaka kwenye kucha, kisha akauliza swali moja tu.

"Samahani, mama. Friza lenu mbona halifungi?"

Halikuwa linafunga kwa sababu lilikuwa limejaa mpaka mfuniko ukakataa, na tulikuwa tumeuwekea tofali. Kila mtu alikuwa na chake mle ndani na hakuna aliyejua kipi ni cha nani. Basi hata mwezi wa harusi haujaisha, nikaamka nikakuta friza limegawanywa kwa vipande vya maboksi: fungu la mama, fungu la kaka, fungu langu, fungu la wageni. Mama alinuna. Mimi nilinuna zaidi, maana fungu langu lilikuwa la pembeni kwenye barafu. Lakini friza likafunga, na tofali likarudi uani.

Sasa hebu fikirieni uso wangu nilipofika kazini asubuhi moja, miaka kadhaa baadaye, nikamkuta mtu huyohuyo amekaa kwenye chumba cha mwisho cha korido, amevaa sweta, ameajiriwa kutunza diski.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe. Tuna studio inayotia sauti. Tamthilia na katuni zinakuja zikiongea lugha za watu, sisi tunazivua lugha hizo na kuzivisha Kiswahili. Mimi sauti yangu ni ya mama mkwe. Pia mchawi, pia muuguzi mkali, lakini hasa mama mkwe. Nimewatesa wakwe wa mabara yote. Sokoni watu wakinisikia nikiuliza bei ya nyanya wanageuka kutafuta ni nani anayetukanwa.

Kila tunachokirekodi kinaingia kwenye diski moja, sanduku la chuma lenye vitaa linalokaa kwenye kile chumba cha baridi. Diski ni ya wote, ila kila mtu ana fungu lake ndani yake, na ukilijaza umejaza; hulipati la mwenzio. Kazi ya wifi ilikuwa kuhakikisha hivyo. Watu wakampa jina la Mama Nafasi, kwa sababu ukipita mlangoni kwake hakuulizi umeamkaje, anauliza kama una nafasi. Anakula chakula chake cha mchana akiwa ameikodolea skrini. Mambo yakienda vizuri anaimba puani wimbo usio na mwanzo wala mwisho. Na akikasirika, jamani, anazidisha adabu. Siku akikwambia "naomba, kama hutajali," jua umekwisha.

Bosi wetu naye ana akili zake. Aliona maombi hayasaidii, akaamua kutumia aibu. Akatundika skrini koridoni yenye jina la kila mtu, na mbele ya jina mstari unaoonyesha fungu lake limejaa kiasi gani. Mstari mfupi ni wa kijani. Ukirefuka unakuwa wa njano, ukifika mwisho unakuwa mwekundu. Kwa hiyo kabla hujamsalimia mtu unajua siri zake.

Mstari mfupi kuliko yote ulikuwa wa mhariri mmoja tuliyemwita Msafi. Shati limenyooshwa, meza haina hata kalamu, kiatu kinang'aa mpaka unaweza kujiona. Huyu anachukua sauti zetu, anazikata na kuzipanga juu ya picha, na kwa kazi hiyo angetakiwa kuwa na mzigo kuliko wote. Lakini mstari wake ulikuwa mwembamba, mfupi, kijani kibichi. Kila mkutano bosi anatuambia tuige mfano wa Msafi, na Msafi anainamisha kichwa kama mtu anayeombewa dua. Halafu akitoka nje anatuhubiria: usafi ni tabia, usafi unaanzia rohoni. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mstari mrefu kuliko yote, mwekundu mpaka ukutani, ulikuwa wa Babu Jitu.

Babu Jitu ni kibabu kidogo. Akikaa kwenye stuli ya studio miguu haigusi chini. Lakini ndiye sauti ya jitu katika tamthilia yetu inayopendwa kuliko zote, ile ya jitu linalolinda mlima, na kicheko chake watoto wote wa mtaa wanakiiga. Kinaanzia chini, mahali ambapo huwezi kuamini kibabu kama yule ana nafasi ya kukiweka, kinapanda polepole, kinafika juu na kuangusha mawe. Na Babu alikuwa na kawaida yake moja: hazimi rekodi. Akishaketi asubuhi anaiwasha, na inaenda mpaka atakapoondoka. Anakunywa maji, anakohoa, anatuhadithia habari za ujana wake, yote yanarekodiwa. Ukimuuliza anakwambia kicheko hakibishi hodi, kikija kikute mlango uko wazi. Kwa hiyo kila faili lake moja lilikuwa siku nzima.

Wifi alimwekea fungu kubwa kwa ajili hiyo, na Babu kila wiki alikuwa anafuta. Hata hivyo mstari ulikuwa haurudi nyuma.

Mambo yakaharibika nikiwa mimi kwenye maikrofoni. Nilikuwa katikati ya laana tamu ya maisha yangu, "Tangu uingie nyumba hii, hata paka amekonda," mara taa ya rekodi ikazimika. Diski imejaa. Siyo fungu langu, diski nzima. Wiki iliyofuata ikazimika tena, safari hii katikati ya sentensi ya Babu. Bosi akaja mbio, tai iko mgongoni. Wale wanaonunua tamthilia ya jitu walikuwa wanasubiri sehemu ya mwisho, na walishamwambia ikichelewa tena kazi wanaipeleka kwingine.

"Nimechoka," bosi akatuambia sote pale koridoni. "Ijumaa tunakutana. Atakayekuwa na mstari mwekundu Ijumaa, kiti chake anampisha mwingine, na sauti yake anaichukua mwingine. Sijali ni nani."

Asijali vipi, na mstari mwekundu ulikuwa mmoja tu? Babu aliutazama, akatutazama, akavuta kofia yake chini. Na kabla ya saa kupita tukamsikia mtu chooni akijaribu kicheko cha jitu. Tukatulia kusikiliza. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyebanwa kidole na mlango. Mlango ukafunguka, akatoka Msafi, anapangusa mikono.

Wifi alimfuata bosi ofisini. Nilijipitisha mlangoni, kwa bahati tu.

"Bosi, naomba niitazame kwanza hii diski."

"Itazame. Ijumaa si mbali."

"Na naomba, kama hutajali, mzee asiambiwe kitu kingine mpaka hapo."

Nikajua moto umewaka.

Siku iliyofuata Babu akaja mwenyewe kwenye chumba cha baridi. Nilikuwepo, nimempelekea wifi chai, maana pamoja na yote ni mke wa kaka yangu. Babu akavuta kiti karibu na skrini.

"Mwanangu, nionyeshe vyangu vyote. Nafuta."

Akafuta. Akafuta mazoezi, akafuta siku nzima za kukohoa, akafuta zile hadithi za ujana. Wifi akamwambia si lazima afute vyote, na Babu akamjibu kwamba asiye na kiti hahitaji kumbukumbu. Mwisho yakabaki mafaili ya vicheko, kile cha mlima kilipopasuka, kile cha jitu lilipopata rafiki, vyote. Kidole chake kikasimama juu ya kitufe.

"Siku hizi pumzi yangu fupi," akasema. "Kama hivi sitavipata tena." Akabonyeza.

Tukautazama mstari. Haukusogea. Hata unywele. Fungu lake kwenye skrini lilikuwa tupu kabisa, hakuna hata faili moja, na mstari wake bado mwekundu mpaka ukutani. Babu akasubiri, labda mashine ni nzito kuelewa. Kisha akasimama, akamshukuru wifi, akatoka amejishika ukuta. Kusema kweli moyo uliniuma. Nimemjua mzee huyo tangu nilipoanza kazi, na ndiye aliyenifundisha kulia bila kuharibu pua.

"Mashine yako inahesabu vibaya," nikamwambia wifi, kwa sauti ile yangu ya mshahara.

"Mashine inahesabu vizuri, wifi. Ni mimi ambaye bado sijahesabu." Na chai yake ikapoa.

Jioni hiyo nyumbani alikuwa kama hayupo. Tuliketi mezani wote, mama, kaka, mimi, yeye, na binti yao. Huyo mtoto ana majina mengi kama mkimbizi wa madeni. Kwa kuwa amerithi jina la mama yangu, mimi namwita Mama. Mama yangu, yaani bibi yake, anamwita mke mwenza, kwa utani wao. Baba yake ana jina lake la kumwita, na siku hiyo hakutaka kulitumia, kwa sababu mtoto alikuwa amechora maua kwenye viatu vyeupe vya baba yake kwa kalamu ya wino isiyofutika.

"Kuanzia leo," kaka akatangaza, "mimi sina mtoto katika nyumba hii. Simwiti, simjui, nimemfuta."

Mtoto akavuta sahani.

"Wewe hujaniita," akasema. "Bibi ndiye ameita, mke mwenza njoo ule. Na shangazi ameita, Mama njoo ule. Nimekuja kwao."

Mama akacheka mpaka akaukumbuka mguu wake. Kaka akajikaza asicheke.

"Na hicho chakula unachokula ni cha nani?"

"Cha baba," akajibu, mdomo umejaa.

Kijiko cha wifi kikasimama hewani. Akamtazama mtoto, akamtazama mumewe, kisha akaanza kucheka peke yake, kicheko cha puani kisicho na sauti, mabega yanatikisika. Akainuka, akambusu binti yake utosini, akaenda kusugua viatu vya kaka kwa sabuni huku akiimba ule wimbo wake. Mama akaninong'oneza kwamba hawa watu wa kompyuta inatakiwa wapumzishwe mapema.

Asubuhi akaniita chumba cha baridi na kufunga mlango. Nilidhani nina kosa.

"Wifi, faili siyo jina lake," akaniambia. "Faili ni kama yule mtoto. Jina ni la kumwitia tu. Na kwenye diski hii, mtu mwingine anaweza kwenda kwenye faili lako akalitundikia jina la pili, akaliweka jina hilo kwake. Mafundi wanakiita kiungo. Hajanakili kitu, faili ni lilelile moja. Sasa wewe ukifuta, unafuta jina lako tu. La pili lipo, kwa hiyo faili lipo. Na linahesabiwa kwa nani?"

"Kwa baba," nikasema.

"Kwa baba. Kwa aliyelizaa. Jambo hili nililisoma chuoni nikaliweka kabatini, maana sikuwahi kuona mtu akilitumia vibaya. Sasa nimeuliza mashine swali jingine. Sikuiuliza Babu ana nini kwake. Nimeiuliza ni kitu gani cha Babu kiko popote pale."

Akageuza skrini. Haki ya Mungu, mzee alikuwa ametapakaa nyumba nzima. Mwigizaji wa watoto alikuwa na kikohozi chake. Msimulizi alikuwa na kuguna kwake. Mtu wa milio ya miguu alikuwa na stuli yake ikilia. Mtu fulani alimfundisha mwenzake ile amri ya kutundika jina, mwenzake akamfundisha mwingine, na kila aliyetaka kikohozi cha mzee alienda kujitundika badala ya kukohoa mwenyewe. Lakini kumbukeni, mafaili ya Babu ni siku nzima nzima. Huwezi kutundika jina kwenye kikohozi peke yake. Unalitundika kwenye siku yote, kuanzia asubuhi hadi kofia yake inapotoka msumarini. Kikohozi kimoja kilikuwa kimeshikilia siku, na ile siku Babu alishaifuta akidhani imekufa.

Na mimi? Nilikuwa na chafya. Moja. Sioni sababu ya kuangaliana.

"Hawa ni wavivu," wifi akasema. "Sasa mtazame huyu."

Akafungua fungu la Msafi kwenye skrini. Kijana yule hakuwa na kitu chake hata kimoja, lakini alikuwa na vya watu wote. Mamia. Kila kazi aliyopewa kuhariri, badala ya kuichukua ikahesabiwa kwake, aliitundikia jina la pili akaiacha kwenye hesabu ya mwenyewe. Kazi ikiisha haliondoi jina hilo. Siku nzima za Babu, moja baada ya nyingine, kapanga kwa rangi na tarehe, safi kabisa. Na vile vicheko vya jana vilikuwa pale pia, vyote, kila kimoja kina jina zuri kuliko alilokuwa amekipa Babu.

Nikasimama. Nilikuwa na maneno, na sauti ya kuyabeba.

"Kaa, wifi," akasema. "Ukimtukana atanyamaza, na mimi nataka aongee."

Ijumaa tukakusanyika studio kubwa. Ile skrini ya koridoni bosi aliihamishia humo ili aibu isipotee njiani. Mstari mwekundu ulikuwa uleule mmoja. Babu alikaa nyuma kabisa, na chini ya kiti chake kulikuwa na mfuko wenye kikombe chake na kandambili za studio. Alikuwa ameshafungasha.

Bosi akakohoa ili aanze. Wifi akainuka.

"Samahani, bosi. Naomba, kama hutajali, nisaidiwe jambo dogo na wenzangu kabla hujasema." Alikuwa mpole mpaka nikaogopa. "Tangu asubuhi ya leo mashine imeacha kumruhusu mtu kutundika jina kwenye faili ambalo si lake. Atakayejaribu itamkatalia. Sasa yale majina yaliyotundikwa zamani kwenye mafaili ya wengine, yatoke. Mwenye kuhitaji kitu humo aende akate kile kipande anachohitaji, akiweke kwenye fungu lake mwenyewe. Tukimaliza chai, yaliyobaki nayarudisha kwa wenyewe."

Viti vikaanza kukwaruza. Mlipaswa muone watu wazima wakikimbia korido, kila mmoja anaenda kuokoa kikohozi. Mimi nilikwenda kwa mwendo wa heshima, nikakata chafya yangu, nikarudi. Mistari kwenye skrini ikaanza kurefuka kidogokidogo, huyu unywele, huyu kucha. Hakuna kilichomuumiza mtu.

Mstari wa Msafi ukaanza kukua. Ukawa wa njano. Hakuwa amekata vipande. Alishindwa kuchagua aache nini, akawa anahamisha vyote. Ukawa mwekundu. Ukagonga ukuta, na kompyuta yake ikaanza kupiga mlio kwamba fungu limejaa, fungu limejaa, ikiwa imebakisha zaidi ya nusu ya mali yake nje.

Akarudi ameshika tai. "Bosi, mimi sikuiba. Sikunakili hata faili moja, muulize yeye. Sijawahi kunakili."

"Ni kweli," wifi akasema. "Hajawahi kunakili."

Bosi hakuelewa haraka, lakini alipoelewa alikaa chini. Akautazama mstari wa Msafi, akageukia wa Babu. Na huo, jamani, ulikuwa bado mwekundu.

"Lakini hata mzee bado amejaa," akasema. "Sasa itakuwaje? Sehemu ya mwisho inatakiwa leo, na diski haina nafasi ya kurekodi hata salamu."

"Amejaa kwa sababu nimemrudishia vyake," wifi akajibu. "Ni vyake tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba sasa jina ni moja. Akifuta, kitafutika." Akatembea mpaka nyuma, akachuchumaa mbele ya kiti cha Babu ili macho yao yalingane. "Babu, vicheko vyako vipo. Hata kimoja hakijapotea."

Babu akashuka kwenye kiti, na wote tukamfuata chumba cha baridi, tukajazana mlangoni na mimi mbele, kwa haki ya undugu.

Wifi akavipiga kwenye spika. Kile cha mlima kupasuka. Kile cha rafiki. Glasi ya maji mezani ikatetemeka. Bosi akafurahi mpaka akasahau kuwa na hasira: basi mambo yameisha, wachukue kicheko kimojawapo cha zamani wakibandike kwenye sehemu ya mwisho, hakuna haja ya kurekodi wala ya nafasi. Hata Msafi, kutoka nyuma, akasema anaweza kukibandika vizuri tu. Lilikuwa wazo la akili. Na lilimaanisha kwamba Babu mwenyewe hahitajiki.

Babu aliendelea kusikiliza mpaka cha mwisho kikaisha.

"Huyu kijana anapiga kelele," akasema, akiionyesha spika.

Tukacheka, tukidhani ni utani. Hakuwa anatania.

"Jitu la sehemu ya mwisho ni zee," akaendelea. "Limelinda mlima maisha yake yote, leo linawaachia watu wadogo wakae huko. Huyu hapa kwenye spika bado anataka kupigana. Hawezi kucheka kicheko hicho, hajui." Akamgeukia wifi. "Mwanangu, nikivifuta hivi, pamoja na zile siku nzima, nafasi itapatikana?"

"Itapatikana, Babu. Lakini safari hii havitarudi. Chagua hata kimoja ubaki nacho."

"Hicho cha rafiki, basi. Kiandike kwa jina langu." Na akaweka kidole kwenye kitufe.

Wifi alimwambia anaweza kufuta vyote kwa mara moja. Akakataa. Akafuta cha kwanza, akainua macho kuutazama mstari. Ukarudi nyuma.

"Umesogea," akasema, kama mtoto.

Akafuta kingine. Umesogea. Na kingine. Kila ukisogea anatugeukia kuhakikisha tumeona. Mstari ukatoka kwenye wekundu, ukawa njano, ukaingia kijani, na mlangoni watu walikuwa wanapiga makofi kama tuko uwanjani. Bosi naye alipiga, akasema sheria yake ya kiti kwa leo ameisahau, halafu akamtazama Msafi akasema hajaisahau sana. Babu akamwombea: mwacheni, ana masikio mazuri, ila afundishwe kukohoa mwenyewe.

Alasiri Babu akapanda kwenye stuli yake. Miguu haigusi chini. Sisi tulikuwa upande wa pili wa kioo, na wifi alikuja kusimama nasi, jambo ambalo hafanyi, macho yake yako kwenye taa ya rekodi. Kwenye picha, jitu lilikuwa linawatazama wale watu wadogo wakiwasha moto wa kwanza mlimani.

Babu akavuta pumzi yake fupi. Kicheko kikatoka kidogo, chini kabisa, kikasitasita, kikaendelea. Hakikuangusha jiwe lolote. Kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo na anaona ajabu mabega yake yalivyo mepesi. Mimi ninayelia kwa mshahara nililia bure siku hiyo, na pua niliiharibu vibaya sana. Taa ikabaki imewaka mpaka mwisho.

Kisha Babu akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya tangu nimjue. Akanyoosha mkono, akazima rekodi mwenyewe.

Wifi akabonyeza kitufe cha kuongelea. "Nafasi bado ipo, Babu. Unaweza kuendelea."

"Najua, mwanangu," akasema, akitafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu. "Kimetosha."